Wito: Tusitawanyike Baada ya Mionzi ya Mwisho

Ndugu zangu, mtu akifariki mtaani kwetu, jua halizami kabla kamati haijaundwa. Yupo mweka hazina, yupo wa maturubai, yupo wa masufuria makubwa, yupo wa kupokea wageni stendi. Hakuna anayefundishwa kazi hiyo. Naandika kuomba ujuzi huohuo tuutumie mapema, mtu akiwa hai, kwa ajili ya mgonjwa ambaye mara nyingi hatujui tumfanyie nini: yule anayepigwa mionzi ya ubongo. Tena naomba jambo moja hasa. Tusimalize fedha, chakula na huruma zetu zote kabla ya siku yake ya mwisho ya tiba, kwa maana kwa wagonjwa wengi wiki ngumu kuliko zote huja baada ya siku hiyo, wakati sisi tumeshapiga vigelegele na kurudi kwenye shughuli zetu.

Kufika kwenye mionzi yenyewe huwa ni safari. Kichwa kinauma miezi na miezi. Mtu anameza dawa za maumivu, anatibiwa malaria, anaombewa, anapelekwa kwa mganga, hadi siku anapoanguka kwa degedege au mkono mmoja unapokataa kushika kikombe. Ndipo inapigwa picha ya CT-Scan au MRI na uvimbe unaonekana. Wengine hupasuliwa kwanza, wengine uvimbe wao umekaa mahali ambapo kisu hakifiki. Wapo pia ambao saratani yao ilianzia kwenye titi au mapafu, ikasafiri hadi ubongoni. Kwa Tanzania, wengi wao wataelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale kando ya bahari Dar es Salaam, ambako Wajerumani walijenga hospitali mwishoni mwa karne ya 19. Wengine wataenda Bugando, Mwanza. Kenya watakwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, au vituo vingine vichache. Uganda ni Mulago. Mwanakijiji wa Kigoma au Songea akiambiwa maneno hayo, swali lake la kwanza halihusu ugonjwa. Anajiuliza atalala wapi, na nani atabaki na watoto.

Maana si safari ya siku moja. Kwa glioblastoma, uvimbe mkali kuliko wote unaoanzia ubongoni kwa watu wazima, dozi ya kawaida ni grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), nayo hugawanywa mara 30: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Tangu 2005, ulipotoka utafiti ulioongozwa na mtaalamu wa saratani Roger Stupp, wagonjwa wa uvimbe huo huongezewa vidonge vya dawa ya saratani iitwayo temozolomaidi pale vinapopatikana. Saratani iliyosambaa kutoka kwingine, mara nyingi ubongo wote hupigwa mionzi mara 10, au mara 5 tu. Dozi hukatwakatwa hivyo ili seli nzima zipate muda wa kujitengeneza kati ya siku moja na nyingine. Seli za saratani hazijitengenezi vizuri kama hizo, lakini zikiachiwa siku nyingi za mapumziko nazo huanza kukua tena. Kwa hiyo nauli iliyokosekana Jumanne si nauli tu, ni siku ya tiba iliyopotea. Mashine nazo huharibika. Mwaka 2016 iliharibika mashine pekee ya mionzi iliyokuwa Uganda nzima, na baadhi ya wagonjwa ikabidi wapelekwe Nairobi. Hilo mtaa hauwezi kulizuia. Nauli ya Jumanne tunaiweza.

Kabla tiba haijaanza, mmoja wa familia, mwenye moyo wa kuuliza, akae na daktari amuulize waziwazi: mionzi hii ni ya kuponya, ya kurefusha maisha, au ya kumpunguzia mateso? Majibu yote matatu ni ya heshima, na kila moja lina mipango yake. Mtu ambaye mionzi yake ni ya kupunguza mateso hapaswi kuuziwa shamba lote la familia kwa matumaini ambayo daktari hakuyatoa. Na mgonjwa mwenyewe aambiwe. Najua mila zetu za kumficha mgonjwa habari nzito, najua zinatoka kwenye mapenzi, lakini huyu atafungwa kichwa kwenye meza ya mashine kila siku. Akifanyiwa hivyo bila kujua sababu, hofu yake itakuwa kubwa kuliko ugonjwa. Aulizwe anataka kujua kiasi gani, kisha aheshimiwe.

Siku ya kwanza ya kazi yenyewe ni ya kutengeneza barakoa. Plastiki maalumu hulainishwa kwenye maji ya moto, hutandazwa usoni ikiwa na uvuguvugu, na baada ya dakika chache hukauka ikiwa imechukua sura ya mtu. Ina matundu, anapumua bila shida. Kila siku ya tiba barakoa hiyo hubanwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata milimita chache. Kuna mambo madogo ambayo familia haiambiwi na yanasumbua sana baadaye. Nywele za kusuka, rasta na wigi vitolewe kabla ya siku hiyo. Anayetaka kunyoa anyoe kabla ya barakoa kutengenezwa, kwa sababu akinyoa baadaye itamlegea. Mama anayevaa ushungi atahitaji kuuvua wakati huo. Amwombe mapema mtaalamu wa kike awepo, ni ombi la kawaida kabisa. Na mtu mwenye hofu ya kubanwa aseme. Wapo wanaopewa dawa ya kuwatuliza, na watoto wadogo mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa, jambo linalomaanisha kwamba mtoto ataenda hospitali bila kula kila asubuhi ya tiba. Anayempeleka ajue hivyo, asimpe chai njiani kwa kumwonea huruma.

Mionzi yenyewe haiumi. Mgonjwa anabaki peke yake chumbani, wahudumu wanamwona kwenye kamera na kumsikia, mashine inamzunguka kwa mlio, na ndani ya robo saa hivi ameshatoka. Wengine huona mwanga wa samawati ingawa wamefumba macho, au husikia harufu ya ajabu kama ya klorini. Si mashetani, wala si dalili kwamba ubongo unaungua. Ni mionzi kugusa sehemu zinazohusika na kuona na kunusa, na hupita. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Naomba hili lisemwe kwenye kila baraza na kila kibaraza: mtu anayetoka kwenye mionzi ya namna hii anaweza kukumbatiwa, kulala na mwenzi wake, kumpakata mjukuu, kula sahani moja na wenzake. Mama mjamzito anaweza kukaa karibu naye. Wagonjwa wanaotengewa vikombe nyumbani kwao wenyewe wanaumizwa bure.

Wiki ya kwanza mara nyingi hupita vizuri, na hapo ndipo majirani huanza kusema, mbona mzima tu. Kati ya wiki ya pili na ya tatu nywele huanza kuanguka, hasa pale mionzi inapoingilia na kutokea, kwa hiyo zinaweza kutoka upande mmoja tu. Kwa wengi huota tena baada ya miezi kadhaa, zikiwa nyepesi au za namna nyingine. Kwa wengine, palipopata dozi kubwa hapaoti tena. Ngozi ya kichwa na nyuma ya masikio huwasha na kuwa nyeusi zaidi. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini vinatosha. Kitambaa cha pamba au kofia humkinga na jua. Hapa nina ombi kwa wachungaji, mashehe, waganga na bibi zetu: wakati wa tiba msimpake kitu kichwani, iwe mafuta ya upako, ya habbat soda au majani yaliyotwangwa, kabla wahudumu wa mionzi hawajaulizwa. Mwombeeni, mshikeni mkono, msomeeni dua. Dawa yoyote ya miti shamba anayokunywa daktari aijue, maana nyingine hugombana na dawa za hospitali.

Kichefuchefu na maumivu ya kichwa huja kwa sababu ubongo uliopigwa mionzi huvimba kidogo. Ndipo linapoingia jina mtakalolisikia sana, deksamethasoni, ambayo wengi huiita deksa. Ni dawa nzuri, nayo ina ukali wake. Inamfanya mtu ale kama aliyefunga siku tatu, inamvimbisha uso, inamnyima usingizi, inapandisha sukari, inalegeza misuli ya mapaja hadi kuinuka kwenye kiti kunakuwa kazi. Inywewe asubuhi na baada ya chakula. Asiiache ghafla hata kama anajisikia amepona au vidonge vimeisha Ijumaa jioni. Mwili uliozoea deksa ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kuanguka vibaya. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Uso ukivimba hadi barakoa ikambana, awaambie wahudumu, wanaweza kumtengenezea nyingine. Mfungo wa Ramadhani ukikutana na tiba, asikilize daktari, na sheikh wake amkumbushe kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Jambo linalozivunja nyumba si nywele wala ngozi, ni tabia. Uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo, au deksa ikimpanda, mtu mpole anaweza kuanza kufoka, kutukana, kulia bila sababu, kusahau kwamba ameshakula na kumshutumu mkewe kwamba anamshindisha njaa. Ndugu wanaokuja kwa saa moja wanasikia shutuma hizo na kuondoka nazo. Nimeona maneno ya namna hiyo yakigawanya koo, mke akiitwa mchawi, shemeji akisusa kuleta hata ndizi. Ninawasihi wakwe, mawifi na mashemeji: mkisikia mgonjwa wa ubongo akimlalamikia anayemuuguza, ulizeni kwanza kwa upole, tena mbali na masikio ya watu. Mwenye kumuuguza ndiye anayemwosha saa nane za usiku. Akivunjika yeye, hakuna mionzi itakayosaidia.

Nalo degedege. Mtu mwenye uvimbe kwenye ubongo anaweza kuanguka wakati wowote, hata tiba ikiendelea. Akianguka, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, msimnusishe kiatu wala kitunguu. Mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, ondoeni vitu vya kumuumiza, tazameni saa. Ikipita dakika tano, au akaanguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Povu la mdomoni haliambukizi. Kwa sababu hiyohiyo asiendeshe gari, pikipiki wala bajaji hadi daktari aseme, asipike peke yake kwenye moto wa kuni, asiende kuoga ziwani au baharini bila mtu. Kijana aliyekuwa bodaboda ataumia sana kwa hilo, maana ndiyo riziki yake. Chama chake cha bodaboda kina nafasi ya kuonyesha uungwana hapo.

Sasa nifike kwenye wiki ninazoziombea.

Siku ya mwisho ya mionzi ni ya furaha. Picha zinapigwa, sadaka inatolewa, kundi la WhatsApp linajaa mikono ya kushukuru. Kesho yake kundi linanyamaza. Lakini mionzi huendelea kufanya kazi yake baada ya mashine kuzimwa, na uchovu uliokuwa ukijijenga taratibu hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Si uchovu wa jembe, unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Mtu anaamka amechoka, anakaa kitandani akitafuta nguvu za kufunga vifungo vya shati. Kisha kati ya wiki ya nne na ya sita, wengine hupatwa na wimbi la usingizi: wanalala mchana na usiku, hawataki chakula, wanazungumza kidogo. Familia isiyoambiwa huamini kwamba ndio mwisho wake. Mara nyingi wimbi hilo hupita lenyewe, ingawa daktari apewe taarifa ili ahakikishe si jambo jingine. Wakati huohuo deksa inapunguzwa, mwili unadai; fedha zimeisha; likizo ya kaka imekwisha; na dada aliyetoka Tabora kuja kusaidia amesharudi kwake.

Halafu inakuja picha ya kwanza baada ya tiba. Nisikilizeni vizuri hapa. Kwenye miezi ya mwanzo, mahali palipopigwa mionzi panaweza kuonekana pamevimba zaidi kwenye MRI ingawa saratani haijakua. Ni majeraha ya tiba yenyewe, na hata wataalamu hulazimika kusubiri picha nyingine ili kutofautisha. Mgonjwa anayekwenda kusomewa majibu hayo asiende peke yake. Awepo mtu mtulivu wa kuandika anachosema daktari, maana anayesikia neno la kutisha hasikii la baada yake.

Na kuna ya mbele zaidi, miezi na miaka. Kumbukumbu ya mambo ya karibuni hupungua kwa baadhi ya watu, hasa waliopigwa mionzi ubongo wote. Atakumbuka shairi la darasa la nne na kusahau kwamba umemtembelea jana. Wengine tezi iliyo chini ya ubongo huchoka na homoni hupungua, wengine hupata mtoto wa jicho. Mtoto aliyetibiwa atarudi shuleni akiwa mwelewa lakini mzito wa kuandika na mwepesi wa kuchoka. Mwalimu wake aambiwe mapema, amweke mbele, ampe muda zaidi kwenye mtihani. Asichapwe kwa kusahau. Mwajiri amruhusu mtu mzima kurudi kwa nusu siku kwanza, kazi moja baada ya nyingine, mbali na kelele.

Kuhusu kumtembelea, tafadhali piga simu kwanza, kwa anayemuuguza, si kwa mgonjwa. Nendeni wawili, si kumi na wawili. Punguzeni redio, azungumze mtu mmoja kwa wakati. Msimjaribu kwa kumuuliza, "Unanikumbuka mimi nani?" Jitambulisheni: "Shikamoo mjomba, mimi mtoto wa dada yako wa Tabora." Akilala katikati ya mazungumzo, msichukie, osheni vyombo, jazeni ndoo maji, kisha mwambieni anayemuuguza akalale kwa muda wa saa mbili nanyi mtakaa. Usingizi huo ni zawadi kubwa kuliko soda kreti nzima.

Dalili za kukimbilia hospitali ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe mlangoni, na anayekaa zamu azisome: kichwa kuuma kuliko kawaida pamoja na kutapika, degedege jipya au la muda mrefu, udhaifu mpya wa upande mmoja, kushindwa kuongea au kuona ghafla, homa, au usingizi ambao hata akiitwa na kutikiswa haamki. Chini yake iandikwe namba ya kliniki na ya mwenye gari mtaani.

Kwa hiyo, kamati. Vikundi vya VICOBA na chama, jumuiya ndogondogo, madrasa, wafanyakazi wa ofisi moja, mnaokaa mtaa mmoja: mkisikia kuna mtu ameandikiwa mionzi ya ubongo, kaeni siku hiyohiyo. Gawaneni zamu za kumpeleka, Jumatatu huyu, Jumanne yule. Mwenye ndugu Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi aulize chumba, hata cha kupanga wiki sita kwa kuchangiana. Mtakachokusanya kigawanyeni mafungu mawili yaliyo sawa, na fungu la pili lisiguswe hadi mionzi iishe. Kisha muulizeni daktari tarehe ya mwisho ya tiba, iandikeni kwenye daftari la kikundi, na chini yake pangeni majina ya wiki nane zinazofuata: nani atapika, nani atakaa usiku, nani atampeleka kuchukua dawa, nani atakwenda naye siku ya kusoma picha. Majina hayo yaandikwe kabla mgonjwa hajaondoka kwenda kutengenezewa barakoa, na yeye mwenyewe aonyeshwe orodha.